Ufunguzi wa Kiitalia mashindanoni: mwongozo kupitia mchezo wa Hastings wa 1895

Mchezaji wa sataranji anayekariri hatua kumi za ufunguzi bila kujua sababu zake hupotea pale mpinzani anapocheza kitu ambacho hakimo daftarini mwake. Na mashindanoni, kitu hicho huchezwa karibu kila raundi, mara nyingi kwenye hatua ya tatu au ya nne. Kwa hiyo hapa tunafundisha ufunguzi mmoja, ule wa Kiitalia, kwa kuufuata ndani ya mchezo mmoja kamili, ili uone kila hatua ya mwanzo ilizaa nini mwishoni.

Mchezo wenyewe ni ule wa Wilhelm Steinitz na Curt von Bardeleben, uliochezwa Hastings, Uingereza, Agosti 1895. Steinitz alikuwa amepoteza taji la dunia kwa Emanuel Lasker mwaka uliotangulia. Mashindano yalikuwa na wachezaji 22, Harry Nelson Pillsbury wa Marekani akaibuka mshindi, na Steinitz akamaliza wa tano. Lakini mchezo huu ulimpatia tuzo ya mchezo uliopendeza kuliko yote, na kwetu sisi bado ni darasa bora la ufunguzi wa Kiitalia.

Herufi na majina tunayotumia

Kete huitwa tofauti mahali na mahali. Hapa: mfalme (K), malkia (Q), ngome (R), askofu (B), farasi (N). Kitunda hakina herufi, kwa hiyo e4 maana yake ni kitunda kimekwenda mraba wa e4. Safu wima huitwa a hadi h kuanzia kushoto kwa Nyeupe, na mistari huhesabiwa 1 hadi 8 kuanzia upande wake. Alama ya x ni kula, + ni cheki (mfalme anashambuliwa), ! ni hatua nzuri sana, # ni cheki isiyo na mahali pa kukimbilia, yaani mchezo umekwisha. O-O ni mfalme kuingia ngomeni upande mfupi: husogea miraba miwili kuelekea ngome, na ngome ikamruka na kukaa ubavuni mwake. Tukiandika nukta tatu kabla ya hatua, hiyo ni hatua ya Nyeusi.

Tandika ubao wa kweli kabla ya kuendelea kusoma. Mraba mweupe uwe kwenye kona ya mkono wako wa kulia. Aliyezoea kujifunzia kwenye simu pekee hukuta mashindanoni kwamba jicho lake halioni vizuri ubao wa kete za kusimama, hasa milalo mirefu (njia za mshazari) ya maaskofu, na hapo ndipo anapopoteza malkia bure.

Hatua tatu za mwanzo

1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4.

Kitunda cha e4 kinashika katikati na kuwafungulia njia malkia na askofu. Farasi wa f3 anashambulia e5. Askofu wa c4 anaelekeza jicho f7, mraba ambao mwanzoni mwa mchezo unalindwa na mfalme peke yake. Kila kinachofuata kimejengwa juu ya mraba huo mmoja. Ukisahau mengine yote ukiwa umebanwa, jiulize tu: nani analinda f7 sasa hivi?

Nyeusi si lazima ifuate njia kuu. Haya ndiyo makengeuko utakayokutana nayo zaidi kwa wapinzani wa kiwango cha kati:

2...d6. Jibu ni 3.d4, chukua nafasi katikati mara moja.

2...f6. Hii ni hatua mbaya, na adhabu yake ni ya papo hapo: 3.Nxe5. Kama Nyeusi inakula 3...fxe5, unacheza 4.Qh5+. Akiziba kwa 4...g6, 5.Qxe5+ inashambulia mfalme na ngome ya h8 kwa pamoja. Akisogea 4...Ke7, 5.Qxe5+ Kf7 6.Bc4+ na mfalme yuko nje ya nyumba. Mpinzani mwenye akili hatamla farasi huyo, atacheza 3...Qe7 na baada ya 4.Nf3 Qxe4+ 5.Be2 amerudisha kitunda, lakini hata hivyo umemtangulia kutoa kete.

2...Nf6. Kula 3.Nxe5. Subiri 3...d6 kisha rudi 4.Nf3, na baada ya 4...Nxe4 mchezo ni sawa. Akikosea kwa 3...Nxe4, cheza 4.Qe2, na farasi wake akirudi f6, 5.Nc6+ inamfunua malkia wako kwenye safu ya e huku farasi akimshika malkia wake. Malkia huyo hana pa kwenda.

3...Nd4. Huu ni mtego mtupu na umewaumiza wengi. Kitunda cha e5 kinaonekana bure, lakini 4.Nxe5 Qg5 5.Nxf7 Qxg2 6.Rf1 Qxe4+ 7.Be2 Nf3# na umeshindwa kabla chai haijapoa. Dawa ni nyepesi: 4.Nxd4 exd4 5.O-O. Umetoa kete, mfalme yuko salama, na Nyeusi imebaki na kitunda kilichosogea mbele bila wa kukitetea vizuri.

3...Nf6. Hapa kuna njia panda. Hatua 4.Ng5 inashambulia f7 mara mbili na vijana huipenda, kwa sababu baada ya 4...d5 5.exd5 Nxd5 inakuja 6.Nxf7 Kxf7 7.Qf3+ na mfalme wa Nyeusi analazimika kwenda e6 ili asipoteze farasi wa d5. Shida ni kwamba mpinzani aliyejiandaa hachezi 5...Nxd5. Anacheza 5...Na5, anatoa kitunda kwa hiari, na wewe unatumia hatua kumi zinazofuata kujitetea. Kwa mchezo wa saa ndefu tunashauri 4.d3. Nyeusi ikijibu 4...Bc5, cheza 5.c3 na umeingia kwenye mpangilio wa utulivu tutakaoueleza mbele.

Hatua ya nne na ya tano: kwa nini c3

Njia kuu ni 3...Bc5 4.c3 Nf6 5.d4 exd4 6.cxd4.

Kitunda cha c3 kinaonekana kizembe, tena kimemnyang'anya farasi wa b1 mraba wake mzuri. Kazi yake ni moja: kuandaa d4 ili Nyeusi ikila, wewe urudishie kwa kitunda na kubaki na vitunda viwili bega kwa bega, d4 na e4, katikati ya ubao. Huku ukimkaripia askofu wa c5. Usicheze c3 kama hukusudii d4, sasa au baadaye.

Makosa ya hapa ni ya kawaida kiasi kwamba yafaa kuyajua kwa namba zake.

Kosa la kwanza ni la Nyeupe: baada ya 5.d4 exd4, badala ya kurudisha kitunda, mchezaji anasukuma 6.e5 akidhani farasi wa f6 atakimbia. Hakimbii. Nyeusi inajibu 6...d5! na sasa askofu wako wa c4 naye anashambuliwa. Ukila farasi, yeye anakula askofu. Mchezo unakuwa sawa na faida yote ya hatua ya kwanza imeyeyuka.

Kosa la pili ni la Nyeusi: 5...Bb6 badala ya kula d4. Hapo 6.dxe5, na akila 6...Nxe4 unaweka 7.Qd5! Malkia anatishia kumaliza mchezo kwa Qxf7 na papo hapo anamshika farasi wa e4. Cheki ya 7...Bxf2+ haimwokoi, 8.Ke2 na vitisho viwili viko palepale.

Kosa la tatu: Nyeusi inakula d4 vizuri lakini baada ya 6.cxd4 inarudi 6...Bb6. Sasa 7.d5 inamfukuza farasi wa c6, kisha e5 inamfukuza wa f6, na Nyeusi inatumia muda wote kuhama nyumba.

Kwa hiyo Nyeusi inayojua inacheza 6...Bb4+, cheki, ili isipoteze muda. Na hapa ndipo unapoamua utacheza mchezo wa aina gani.

Njia panda ya hatua ya saba

Njia ya kwanza ni 7.Bd2. Askofu kwa askofu: 7...Bxd2+ 8.Nbxd2 d5 9.exd5 Nxd5. Umebaki na kitunda kipweke cha d4, kisicho na jirani kushoto wala kulia. Ni udhaifu kikifika mwisho wa mchezo, lakini kwa sasa kinakupa nafasi na safu ya e iliyo wazi kwa ngome. Endelea 10.Qb3, umkazie farasi wa d5. Nyeusi ikicheza 10...Na5, 11.Qa4+ Nc6 12.Qb3 inarudia nafasi. Ukitaka sare, ipo mkononi. Ikicheza 10...Nce7, ingia ngomeni, leta ngome zako e1 na c1, weka farasi e5. Huu ndio uchaguzi wetu kwa mtu anayehitaji nusu pointi au anayekutana na mpinzani mwenye alama nyingi zaidi yake.

Njia ya pili ni 7.Nc3, kutoa kitunda cha e4 kafara. Inatoka karne ya 17, kwa Mwitalia Gioachino Greco, na ndiyo aliyoichagua Steinitz. Lazima ujue ukweli wake kabla ya kuitumia: hatua bora ya Nyeusi ni kula, 7...Nxe4. Baada ya 8.O-O, Nyeusi ina milango miwili.

Akiingia 8...Nxc3 9.bxc3 Bxc3, tamaa imemponza. 10.Qb3! na akila ngome, 10...Bxa1, unamaliza kazi kwa 11.Bxf7+ Kf8 12.Bg5 Ne7 13.Ne5. Nyeusi ina ngome zaidi lakini mfalme wake amezingirwa na kete nne. Mwenye kujua hakigusi kitunda cha c3, anasukuma 9...d5 na hali inakuwa tete kwa pande zote.

Akiingia 8...Bxc3 9.d5 Bf6 10.Re1 Ne7 11.Rxe4 d6 12.Bg5 Bxg5 13.Nxg5, basi anapaswa kucheza 13...h6! na kubaki na kitunda cha ziada. Akijisahau na kuingia ngomeni, 13...O-O, 14.Nxh7! Kxh7 15.Qh5+ Kg8 16.Rh4 inamlazimisha kuanza kujitetea, ingawa akitetea vyema kwa 16...f5 anapona.

Hukumu yetu: 7.Nc3 ifae mchezo wa dakika 15 au pungufu, ambapo mpinzani hana muda wa kutafuta 13...h6. Kwenye mchezo wa saa ndefu dhidi ya mtu anayesoma, ni kujitoa mhanga. Lakini isome hata kama hutaicheza, kwa sababu inafundisha nguvu ya safu ya e kuliko ufunguzi wowote tunaoujua.

Mchezo wa Hastings, hatua kwa hatua

Von Bardeleben hakula. Alicheza 7...d5, na baada ya 8.exd5 Nxd5 9.O-O tukapata nafasi ambayo inafaa ukae nayo nusu saa.

Safu ya e haina kitunda hata kimoja. Mfalme wa Nyeusi bado yuko e8, mwanzoni mwa safu hiyo. Farasi wa c3 anaonekana anaweza kuliwa kwa faida. Jaribu mwenyewe kabla ya kusoma jibu. 9...Bxc3 10.bxc3 Nxc3 inashindwa kwa 11.Qe1+! Malkia anampa mfalme cheki kwenye safu ya e na kumshika farasi wa c3 kwenye mlalo wa e1 hadi c3. Farasi amepotea. Na 9...Nxc3 10.bxc3 Bxc3 inajibiwa 11.Qb3!, ikimshika askofu na kuilenga f7. Akila ngome ya a1, 12.Bxf7+ Kf8 13.Ba3+ na mfalme hatapumzika tena.

Kwa hiyo 9...Be6, hatua ya busara. Steinitz akaanza kubadilishana: 10.Bg5 Be7 11.Bxd5 Bxd5 12.Nxd5 Qxd5 13.Bxe7 Nxe7 14.Re1. Wengi hufundishwa kwamba anayeshambulia asibadilishane kete. Hapa kila badiliko lina lengo moja: kumzuia mfalme asiingie ngomeni. Farasi wa e7 analindwa na mfalme pekee. Mfalme akiingia ngomeni, Rxe7 inakula farasi bure. Nyeusi ina kete sawa na Nyeupe, ina malkia aliyekaa katikati, na bado haiwezi kufanya jambo dogo kabisa ambalo kila mchezaji hufanya.

14...f6 kumwandalia mfalme mraba wa f7. 15.Qe2, tishio la Qxe7 na mchezo kwisha. 15...Qd7 16.Rac1.

Na hapa 16...c6. Kosa lenyewe ni dogo mno: Nyeusi ilipaswa kumtoa mfalme kwanza, 16...Kf7, kisha kulinda vitunda baadaye. Hatua moja ya kuchelewa, na 17.d5! Kitunda kipweke, kile kilichohesabiwa kuwa udhaifu, kinajitoa kafara ili kumwachia farasi mraba wa d4. 17...cxd5 18.Nd4 Kf7 19.Ne6. Farasi amefika e6, mraba ambao hakuna kitunda cha Nyeusi kinachoweza kumfukuza, kwa kuwa kile cha f kimeshasogea na cha d kimefika d5. Hivyo ndivyo 14...f6 ilivyolipwa.

19...Rhc8 20.Qg4, kutishia Qxg7+. 20...g6 21.Ng5+! Farasi anaondoka e6 kwa cheki na kumfunulia malkia wako njia ya kumfikia malkia wa d7. Nyeusi ikila farasi inapoteza malkia. 21...Ke8.

22.Rxe7+! Malkia akila, 23.Rxc8+ inavunja kila kitu. Mfalme akila, 23.Re1+ na mbio zinaanza. Nyeusi ikacheza 22...Kf8, na tazama ubao: kete zote nne kubwa za Nyeupe ziko hatarini kuliwa, na Nyeusi yenyewe inatishia kumaliza mchezo kwa ngome kula c1. Ukimla malkia wa d7 sasa, umeshindwa. Ndipo 23.Rf7+! Mfalme hawezi kula kwa kuwa farasi wa g5 analinda f7. 23...Kg8 24.Rg7+! Tena ngome haiguswi: mfalme akila, Qxd7+ ni cheki, malkia akila, Rxc8+. 24...Kh8 25.Rxh7+.

Von Bardeleben alisimama, akatoka ukumbini bila kusema neno, akaiacha saa yake itembee hadi iishe. Steinitz akawaonyesha waliokuwapo mwisho wake: 25...Kg8 26.Rg7+ Kh8 27.Qh4+ Kxg7 28.Qh7+ Kf8 29.Qh8+ Ke7 30.Qg7+ Ke8 31.Qg8+ Ke7 32.Qf7+ Kd8 33.Qf8+ Qe8 34.Nf7+ Kd7 35.Qd6#.

Namna ya kuufanyia kazi: cheza mchezo wote ubaoni mara tatu. Mara ya kwanza fuata tu. Mara ya pili funika hatua za Nyeupe kuanzia ya 9 na ujaribu kuzikisia, dakika tatu kila moja. Mara ya tatu kaa upande wa Nyeusi na utafute uboreshaji, ukiona 16...Kf7 bila kuambiwa, umeanza kuuelewa.

Mpangilio wa utulivu: d3

Kwa anayetaka kupunguza kukariri, badala ya 5.d4 cheza 5.d3. Wachezaji wakubwa wa leo huichagua sana. Mpangilio ni huu: O-O, Re1, askofu arudi b3 (na c2 akifukuzwa, ndiyo faida nyingine ya c3), h3 kuzuia askofu wa Nyeusi asikae g4, farasi wa b1 aende d2, f1, kisha g3. Mwisho d4 inasukumwa, safari hii ikiwa na kete zote nyuma yake.

Mpangilio wa hatua una maana. Re1 itangulie Nf1, kwa sababu baada ya O-O ngome ndiyo inayokalia f1. Tena, usikimbilie Bg5 wakati Nyeusi bado haijaingia ngomeni: h6 Bh4 g5 Bg3, na vitunda vyake vya upande wa mfalme vinakufuata wewe uliyeshaingia ngomeni, yeye akiwa na ruhusa ya kumpeleka mfalme wake upande mwingine. Ikishaingia ngomeni, huo msukumo wa g5 unamvua yeye nguo.

Saa

Mashindano mengi ya wazi hutumia dakika 90 kwa mchezo pamoja na sekunde 30 zinazoongezwa kila hatua. Kwa hatua 40, nyongeza ni dakika 20, kwa hiyo una dakika 110 kwa hatua hizo. Gawanya hivi: hatua kumi za ufunguzi unaoujua zisizidi dakika 10 hadi 15 kwa jumla. Mpinzani akitoka nje ya ulichosoma, simama hapo hapo, tumia dakika tano au zaidi. Kucheza kwa mazoea mahali pasipo pa mazoea ndiko kunakopoteza michezo ya ufunguzi. Weka akiba ya dakika 20 kwa ajili ya hatua moja nzito kama 17.d5. Ukifika hatua ya 30 ukiwa na chini ya dakika 10, umetumia vibaya, na raundi inayofuata punguza mwanzoni.

Bonyeza saa kwa mkono uleule uliosogeza kete. Usiubakize mkono juu ya kitufe.

Kwenye meza ya mashindano

Fika dakika 15 kabla. Tafuta jina lako kwenye orodha ya raundi, hakiki namba ya ubao na rangi. Soma kanuni za mashindano kuhusu kuchelewa. Kwa baadhi, asiyekuwa kitini saa inapoanza ameshapoteza. Beba kalamu mbili. Simu iache nyumbani, au kama mwandaaji anaruhusu, izimwe kabisa na iwekwe ndani ya begi. Simu iliyokutwa mfukoni ni mchezo uliopotea hata kama haikulia.

Kete uliyoigusa kwa makusudi lazima uisogeze, na ya mpinzani uliyoigusa lazima uile ikiwezekana. Ukitaka kuinyoosha kete iliyokaa vibaya, tangaza kwanza kwamba unarekebisha, na fanya hivyo wakati wa zamu yako tu. Unapoingia ngomeni, shika mfalme kwanza, kisha ngome, kwa mkono mmoja. Ukigusa ngome kwanza na kisha mfalme, mwamuzi atakulazimisha kucheza hatua ya ngome, na katika ufunguzi huu ambao mfalme kuchelewa ndiyo maafa yenyewe, hilo ni kosa ghali.

Andika kila hatua, yako na yake, baada ya kuchezwa. Kuandika kwanza na kucheza baadaye hairuhusiwi, isipokuwa unapodai sare. Kwa mchezo wenye nyongeza ya sekunde 30 unaandika hadi mwisho, hata ukibaki na dakika moja. Mpinzani akifanya hatua isiyo halali na kubonyeza saa, usibishane naye. Simamisha saa, mwite mwamuzi. Kosa la kwanza unaongezewa dakika mbili, la pili anapoteza mchezo.

Sare hutolewa kwa utaratibu: cheza hatua yako, tamka ofa, bonyeza saa, andika (=) kwenye karatasi. Kudai sare kwa nafasi iliyojirudia mara tatu ni kinyume chake: andika hatua unayokusudia bila kuicheza, simamisha saa, mweleze mwamuzi. Ile 10...Na5 11.Qa4+ Nc6 12.Qb3 ndipo maarifa haya yanapohitajika.

Na ukiona umeshindwa kama von Bardeleben alivyoona, usiondoke. Siku hizi mwenye zamu haruhusiwi hata kutoka eneo la kuchezea bila idhini ya mwamuzi. Simamisha saa, mpe mkono mpinzani, andikeni matokeo kwenye karatasi zote mbili, kila mmoja atie sahihi zote, mzipeleke kwa mwamuzi. Nakala yako itunze. Jioni ile ile, kabla ya kufungua kompyuta, weka alama ya duara kwenye hatua ya kwanza ambayo hukuijua kwa sababu bali kwa kubahatisha, na andika pembeni ulikuwa unafikiria nini. Kisha ndipo uiulize kompyuta kuhusu hatua hiyo moja.